Nélida Barrenechea, Aliyempatia Makrauchenia Ukoo Wake

Tarehe 30 Juni, Dokta Nélida Barrenechea anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja katika makumbusho ya mji wetu. Alipofika, mifupa ya mnyama wetu mkubwa wa kale ilikuwa na kibao kifuani: "Ngamia wa Kale."

Nélida aliizunguka mifupa ile asubuhi nzima. Shingo ilikuwa ndefu, na matundu ya mishipa ya damu yalipita ndani ya pingili kama ya ngamia kweli. Lakini tundu la pua lilikuwa juu, katikati ya macho. Na nyayo zote zilikuwa za plasta, zimekisiwa tu, kila moja na vidole viwili.

"Hatujui alikanyagia nini, halafu mmeshampa ukoo?" alimuuliza mkurugenzi, don Evaristo Maidana.

"Binti yangu, niletee mguu, nami nitakitafuna hicho kibao."

Mvua za vuli zilipomega ukingo wa mto, mchinjaji Chazarreta alituita malishoni kwake, pale pale alipofukuliwa mnyama wetu: mfupa ulikuwa umechomoza. Maji yalikuwa yanapanda. Nélida alijilaza kifudifudi kwenye tope, kamba kiunoni, mimi, msaidizi wake, na Chazarreta tukiishika. Udongo ukaanza kuporomoka.

"Toka, doña! Hata ng'ombe wamekimbia!"

"Vuta kamba yako, Chazarreta! Vidole havijatimia!"

Alitoka bila viatu, bega limeteguka, amekumbatia mguu uliofungwa plasta mbichi kama mtoto mchanga. Nyuma yake ukingo wote ukaingia mtoni.

Vidole vilikuwa vitatu. Ngamia ana viwili. Basi huyu alikuwa Makrauchenia, wa ukoo wake mwenyewe uliotoweka. Na utafiti wa baadaye ulionyesha kwamba jamaa zake wa mbali ni farasi na kifaru. Don Evaristo alikibandua kibao kwa mkono wake, akakiweka sahanini, akakinyunyizia chumvi.

"Mnyama wako ana meno arobaini na manne," akasema. "Mwambie aanze yeye."

Makumbusho ya mji mkuu yalimwita Nélida kazini mara mbili. Mara zote alijibu kwamba ana mgonjwa wa mifupa huku. Bega lile halikupona sawasawa, wala hatukuwahi kumsikia akililalamikia.

Zamani wageni wakituuliza kwetu kuna nini, tuliwaonyesha stesheni ya treni. Siku hizi wao ndio wanaotueleza habari za Makrauchenia, tena kwa Kijapani.

Ahsante, doña Nélida. Nenda ukapumzike ukiwa mzima, chai yako ya mitishamba iwe moto daima, na ujue kwamba mji huu unatembea kifua mbele kwa sababu yako.