Bwana Sifuri na Wiki Alizokwisha Kuzituma

Ndugu waombolezaji, wakubwa kwa wadogo, nawe mkuu wa idara pamoja na wafanyakazi wenzake marehemu mlioketi viti vya mbele, mimi ni dada yake mkubwa, mwalimu mstaafu, familia imenipa kazi hii kwa sababu sauti yangu haihitaji kipaza sauti, na nitasoma yote, kwa hiyo mwenye haraka aondoke sasa.

Mdogo wetu alizaliwa tarehe 4 Machi 1969, kitinda mimba wa baba fundi cherehani na mama mkunga, katika chumba cha nyuma cha nyumba hiihii ambamo jeneza lake limelala, alizaliwa kadogo mno hata mama akasema haka hakamalizi wiki, naye akaishi miaka hamsini na minne kwa ubishi tu.

Alianza shule ya msingi mwaka 1977, hesabu nilimfundisha mimi kwa vifuniko vya soda, alikuwa na akili nyepesi na woga mwingi, akikutana na swali gumu alikuwa anaandika sifuri upesi ili awe wa kwanza kukusanya daftari, nilimchapa kwa hilo, na leo naona sikumchapa vya kutosha. Alimaliza sekondari mwaka 1987, akapata stashahada ya afya ya jamii mwaka 1993.

Tarehe 1 Julai 1994 aliajiriwa kuwa bwana afya, akikagua mabucha na vyoo kwa miguu, na miaka ile, haki ya Mungu, alifanya kazi, alifunga hoteli ya mjomba wetu mwenyewe kwa sababu ya mende, ukoo mzima ukamnunia. Tarehe 12 Desemba 1998 alifunga ndoa na wifi yangu huyu, muuguzi, wakajaliwa watoto watatu, wa kwanza wa kiume na mabinti wawili.

Mwaka 2009 alipandishwa cheo, akawa mfuatiliaji wa magonjwa, yaani mtu wa kukusanya habari kutoka zahanati zote na kuiambia serikali, kila Jumatatu kabla ya saa sita mchana, wiki iliyopita ilikuwa na wagonjwa wangapi wa maradhi ya hatari, na kama hakuna hata mmoja ni lazima aandike sifuri, maana kunyamaza hakuruhusiwi. Mwaka 2011 aliandika wagonjwa watatu wa kipindupindu, soko likafungwa, wafanyabiashara wakamtukana barabarani, na wakubwa wakamweka kati mbele ya wenzake wakimuuliza, wewe nani kakutuma? Samaki mkunje angali mbichi, nao walimkunja barabara, tangu siku hiyo akajua kwamba moja inaulizwa maswali, sifuri haiulizwi, na kila aliyeharisha akawa mgonjwa wa tumbo tu. Mwaka 2017 alipewa cheti na saa ya ukutani kwa kutuma taarifa mapema kuliko wote, wenzake wakambandika jina la Bwana Sifuri, naye akalipenda.

Mume wangu alifariki tarehe 2 Juni 2021, kwa kuhara na kutapika, baada ya kunywa maji ya tangi la mtaa lililo nyuma ya karakana ya kuchomelea, ambalo bomba lake limepita ndani ya mtaro wa maji machafu. Marehemu alikuja msibani, akanishika mkono, akaniambia, dada, kazi ya Mungu haina makosa, kisha Jumatatu akaandika sifuri, na tangi likabaki wazi. Nilimpenda mdogo wangu, na kwa hilo sijamsamehe mpaka sasa.

Likizo yake ilikuwa ianze Ijumaa tarehe 17 Novemba 2023, na ili apumzike bila usumbufu alituma taarifa zote mapema, za wiki ile na za wiki zilizofuata hadi tarehe 17 Desemba, sifuri tupu. Alhamisi tarehe 16 alianza kuharisha maji meupe kama ya kuoshea mchele, akamnong'oneza mkewe, mama watoto, hiki ndicho chenyewe, akafariki wodini Jumamosi tarehe 18, saa tano asubuhi. Hospitali iliandika tumbo, kama alivyoizoesha mwenyewe, tukapewa mwili bila dawa wala onyo, mwanawe wa kwanza akamwosha baba yake kwa mikono mitupu, na ndiyo maana kijana huyo hayupo hapa, yuko wodini kwenye dripu, kitanda kilekile.

Jana nilimpigia mkuu wa idara nikimwomba alifunge tangi, akanijibu kwa upole, pole sana mama, lakini wiki hii ilishatumwa, tukiifungua tutaulizwa.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi, nawashukuru wafanyakazi wenzake kwa shada la maua, nawashukuru majirani mlioteka maji ya msiba huu tangu juzi, kutoka tangi lilelile, maana hakuna mtu wa serikali aliyewakataza, na wifi alipowaambia ni kipindupindu mkadhani ni uchungu wa kufiwa unamsemesha. Leo ni Jumatatu, saa sita bado, mkuu simu anayo mkononi, namwona anaitazama, naona pia anairudisha mfukoni.

Mdogo wangu, kazi ya Mungu haina makosa, hii ilikuwa yako. Pumzika kwa amani, usituwazie sisi wala mwanao, kwa mkono wako tumeshaandikwa wazima wote hadi tarehe 17 Desemba.