Kandake Malokadi, Aliyewaambia Wabebaji wa Mungu Waanze Upya

Watoto mliokaa chini, sogeeni mbele msikie, na wakubwa mtuvumilie, maana ukoo umetaka habari za marehemu zisemwe waziwazi mpaka mtoto aelewe, asije mtu kesho akawahadithia vingine.

Marehemu Kandake Malokadi, yaani malkia wetu, alizaliwa hapa hapa Meroe, mwaka wa nne wa mfalme Arakatani, mwezi mto ulipoanza kujaa, mama yake akiwa dada wa mfalme na baba yake msimamizi wa matanuru ya chuma.

Masomo aliyapata Napata, kwenye hekalu la mungu wetu mkuu, jina lake Amani, akajifunza herufi zetu na za Misri, na upinde akaujua kuliko kaka zake, ila walimu walimchoka, kwa sababu wakisema, "Mungu amesema," yeye anauliza, "Amesema kwa mdomo wa nani?"

Mwaka wa pili wa mfalme Teritani aliolewa na mfalme huyo huyo, wakajaliwa binti mmoja, Tabikhe, huyu mnayemwona amenyolewa nywele za msiba, na mtoto akiwa bado ananyonya, mfalme alikanyagwa na tembo huko Naqa, akafa.

Sasa watoto, mnajua kwetu mtawala anachaguliwa na mungu, sanamu yake inabebwa mabegani na makuhani, inapitishwa mbele ya ndugu wa mfalme, ikimwinamia mtu ndiye huyo. Siku ile ilianza kumwinamia Karamaye, mpwa wa Kuhani Mkuu Netewitari, lakini marehemu, mtoto mgongoni, alikuwa ameona kwamba inainama kila Kuhani Mkuu anapokohoa, akasema kwa sauti, "Baba Kuhani, hicho kikohozi ni chako au cha mungu?"

"Vumbi tu, mwanangu."

"Basi nenda kanywe maji, vumbi litulie, halafu hawa waanze upya."

Watu wakacheka, mzee akaenda kunywa maji kwa aibu, na sanamu ikaja moja kwa moja mpaka kwa marehemu, ikainama hadi wabebaji wakayumba.

Alitawala vizuri, akachimbisha mabwawa ya mvua, ng'ombe wakaacha kufa njiani, na ghala la mtama la hekalu akaliwekea mlinzi wake mwenyewe, jambo ambalo wengine hawakulipenda, tunawajua.

Kuugua kwake kulianzia kwenye karamu ya mwaka mpya, hekaluni, ambako nyama alikula sahani moja na wenzake lakini pombe ya mtama alimiminiwa peke yake, jioni tumbo likamkata, waganga wa hekalu wakasema ni jua, naye akawauliza, "Jua gani hilo linachagua mtu mmoja mezani?" Wakacheka, yeye hakucheka, na asubuhi ya tatu akafariki, ameshika mkono wa Tabikhe.

Jiwe la kaburi hekalu limeshalichonga, mapema kweli, na sisi tumekwenda tukalisoma wenyewe, herufi kwa herufi, limeandikwa mungu amemwita, lakini hakuna palipoandikwa nani alimmiminia. Hatujamtaja mtu.

Tunawashukuru majirani wa matanuruni waliozima moto wao ili moshi usimsumbue, wapiga upinde waliokesha mlangoni, wanawake walioleta maziwa ya kumwaga kaburini, na waganga pia, kwa ile kazi yao.

Mazishi yakiisha mungu atatoka kuchagua, na kwenye mstari watasimama Tabikhe na Karamaye, kwa hiyo ukoo umeamua kwamba safari hii watakaobeba sanamu ni wachungaji kutoka jangwani, hawamjui mtu yeyote hapa mjini, hata Tabikhe hawamjui, wameshaoga na wameshanyolewa kama makuhani. Kuhani Mkuu, wewe kaa hapa mbele, katikati ya watoto, utazame kama wao.

Lala sasa, Kandake wetu, funga macho bila wasiwasi, ya kwetu yako wazi.