Alisikia, Akavunjika Guu

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti karibu na redio, na mwenye kijiko mkononi akiweke chini kidogo. Leo tunamkumbuka fundi rangi mmoja tuliyemzika juzi. Wengi hamkulijua jina lake, maana mtaa mzima ulimwita Mzee Wahenga. Fundi rangi, Mzee Wahenga.

Jina hilo alijitafutia mwenyewe. Hakufungua mdomo bila kusema, "Wahenga walisema." Akichelewa kazini yeye, "Haraka haraka haina baraka." Chai ikichelewa, "Ngoja ngoja huumiza matumbo." Mkewe anacheka huku akifuta macho. "Mume wangu alikuwa na methali ya kila upande," anasema. "Ukimshika huku, anatokea kule."

Lakini iko methali moja iliyomkwama kooni, na hiyo tunawarushia watoto kila siku. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Wewe unaisema, mimi naisema. Sikilizeni namna ilivyoingia nyumbani kwa fundi huyu.

Alikuwa akipaka rangi ukumbi wa mteja, yeye na mwanawe wa kwanza. Sakafu ilikuwa ya vigae vipya, vinang'aa. Kijana aliigeuza ngazi akatazama miguu yake. Raba za ngazi zimelika, kimebaki chuma kitupu.

"Baba, hii itateleza. Tutafute gunia tuweke chini."

Mteja alikuwa amesimama pale pale, anachezea funguo zake. Mzee hakutaka kuonekana fundi asiye na ngazi.

"Mchagua jembe si mkulima," akasema, na mteja akacheka. "Panda, mimi nimeshika."

Kijana akapanda. Mzee alishika ngazi, ndiyo, lakini kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ulikuwa ukimwonyesha mteja jinsi rangi ya dari itakavyoendana na mapazia. Ngazi ikateleza, kijana akaanguka juu ya vigae, mguu wa kulia ukavunjika chini ya goti. Nirudie kwa uliyefungua redio sasa hivi. Kijana alisema ngazi mbovu. Baba alisema panda. Kijana akapanda.

Wodini akafika shemeji wa mzee, mjomba wa yule kijana, na mfuko wa machungwa. Akautazama mguu ndani ya plasta, akatikisa kichwa. "Si tunawaambia? Asiyesikia la mkuu huvunjika guu." Wagonjwa wa vitanda vya jirani wakacheka. Kisha wote wakamgeukia mzee wakingoja aongeze lake, maana methali ndiko kwao.

Mzee akakohoa. Akasema, "Ndiyo dunia."

Alikuja kumwambia mkewe kwamba kweli ilikuwa imemfika ulimini, haya ikamzuia. Ilikuwa haya ndogo tu, ya kuonekana mzembe mbele ya shemeji. Akaikwepa, nayo ikamzalia haya nyingine kubwa kuliko mama yake.

Kijana yeye alitazama dari. Leo ni mtu mzima, na nilipomuuliza mbona alinyamaza, alijibu taratibu. "Nimwaibishe baba mbele za watu? Nilimwachia aseme mwenyewe."

Hakusema. Plasta ikatolewa, kijana akabaki anachechemea, na mtaa ukampa jina. Guu. Kina mama wakamfanya somo: "Shuka kwenye ukuta huo, au unataka kuwa kama Guu?" Alipokwenda kuomba kazi kwa mafundi wengine, msimamizi alimtazama juu mpaka chini. "Aa, Guu. Si wewe ndiye usiyeambilika?"

Akarudi nyumbani, akamsimulia mama yake jikoni. Mzee alikuwa sebuleni, redio inaimba. Akaizima ili asikie vizuri, na alipokwisha kusikia alitamani asingeizima. Mtoto wake mtiifu kuliko wote alikuwa ananyimwa kazi kwa kosa la kutotii, na wa kumtetea alikuwa mtu mmoja tu. Mtu huyo akaifungua redio tena. Nalisema hili kwa uchungu, wapendwa, maana huenda ilikuwa redio hii hii.

Miaka ikaenda. Guu akaoa, akapata binti. Jumapili moja wote wako mezani, na binti kapanda juu ya kiti anataka kufika juu ya kabati. Mjomba, yule yule wa machungwa, akamnyooshea kidole.

"Shuka. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Muulize baba yako."

Mtoto akashuka, akaenda kumshika baba yake goti. "Baba, kwani ulikuwa mbaya?"

Watu wakacheka. Guu naye akajilazimisha kucheka. Hapo ndipo mzee alipoweka kijiko chini.

"Alisikia," akasema. "Huyo mkuu ni mimi. Aliniambia ngazi mbovu, nikamwambia panda. Angekuwa haambiliki, leo angekuwa anatembea vizuri."

Mjomba akatafuta pa kutokea. "Basi, shemeji. Yaliyopita si ndwele."

"Hiyo si yako kuisema," mzee akamjibu. "Wala si yangu." Akamtazama mwanawe. Guu akaendelea kula, na hakuisema.

Kuanzia hapo mzee akawa mtu wa kubisha hodi. Alikwenda kwa majirani, akaenda kwa yule msimamizi, akasimama mlangoni kama mwenye kuomba maji, akasimulia ya ngazi. Wengine wakamtania, "Wahenga, leo umekuja bila methali?" Akawajibu, "Zimeniishia." Guu akapata kazi, na leo ni msimamizi mwenyewe. Kwake ngazi haisimami juu ya vigae bila gunia. Lakini jina halikutoka. Mpaka leo wanamwita Guu.

Nilimuuliza kama aliwahi kumwambia baba yake kwamba yaliyopita si ndwele. "Hapana," alisema. "Mguu bado unauma, nitadanganyaje? Lakini alipougua nilimnyoa ndevu mwenyewe kila asubuhi."

Asubuhi moja balbu ya chumba cha mgonjwa ilikuwa imeungua. Guu akaleta ngazi, akapanda. Alipotazama chini, baba yake alikuwa ametoka kitandani, anatetemeka, ameikumbatia ngazi kwa mikono yote miwili. Guu akafunga balbu haraka, akashuka.

"Nimeshashuka, baba. Achia."

"Bado kidogo," mzee akasema.

Wakasimama hivyo, mwana mkono begani kwa baba, mpaka mama alipoingia na uji.

Mjane wa Mzee Wahenga, pole. Guu na wadogo zako, mjukuu, na wewe mjomba pia, poleni sana. Mungu awape subira. Nasi tuliobaki, wasikilizaji wapendwa, methali hatutaziacha, maana ndizo tulizolelewa nazo. Ila leo, kabla hujamrushia mtu moja, tazama kwanza mikono yako ilikuwa wapi alipoanguka.