Mzee Yasohachi, Mchonga Nywele wa Karakana ya Kashiwaya

Mwisho wa mwezi huu wa kumi na moja Mzee Yasohachi anastaafu, baada ya miaka thelathini na minane katika karakana ya Kashiwaya hapa mjini Edo. Wachapaji wamenituma mimi, Matakichi, nimwandikie maneno ya kumuaga.

Mchoraji alileta mchoro, Mzee akauchonga kwenye ubao wa mcheri, sisi tukapaka wino na kuchapa. Vijana walichonga nguo na mapambo, lakini uso na nywele za makahaba mashuhuri wa Yoshiwara, mtaa wa madanguro, hakuna mwingine aliyezigusa. Ile mistari myembamba ya nywele za paji la uso, ambayo ukikohoa tu umeiharibu, yeye aliichonga huku akitutania. Tulimwita Mzee Nywele, naye kichwani hana hata mmoja.

Mwaka ule karakana ilipoungua alitoka mbio na ubao mgongoni, nguo zake akaziacha ndani. Mtaa mzima ulimpigia makofi. Ubao ulipona, na picha yake iliuzwa mpaka mistari ikafutika.

Lakini tusifiche kilichomweka kwenye kazi hii. Mdogo wake wa kike, Onui, alipelekwa Yoshiwara akiwa mtoto, mwaka wa njaa. Baba yao alifariki bila kusema ni nyumba gani. Kule binti hupewa jina jipya, na wenye nyumba walimfukuza Mzee kila alipouliza. Akaona afadhali achonge nyuso za mabinti wa kule, huenda siku moja angeletewa ya Onui. Angemjua kwa kovu lililokata nyusi yake ya kushoto.

Michoro ilikuja, sura ileile: pua ndefu, mdomo mdogo, nyusi safi. Wachoraji wetu huwapa warembo wote uso mmoja. Mzee alimuuliza mmoja wao kama hajawahi kumwona mwenye kovu.

"Mzee wangu, nimewaona tele," akacheka. "Sasa kovu nani atalinunua?"

Siku hiyo tambi za Mzee zilipoa bakulini, nasi tuliogopa kumsemesha. Huenda alikwisha kumchonga mdogo wake, tena mara nyingi, asijue.

Sasa macho yake yamechoka. Ubao wake wa mwisho ulipofika kwangu nilikuta nyusi ya kushoto imekatika. Nilidhani kisu kimeteleza, nikampelekea Bwana Kashiwaya, mwenye karakana, ambaye hurudisha kazi hata kwa tone moja la wino lililozidi. Aliutazama, akanirudishia.

"Chapa hivyohivyo," akasema. "Anayelalamika aje kwangu."

Picha ziko madukani tangu kiangazi, na wateja wamelalamika kweli. Onui hajaja, wala mtu anayemjua. Kule wengi hawafiki uzee. Inatuuma kuliandika hili, lakini Mzee analijua kuliko sisi.

Mzee wetu, asante kwa kila unywele uliotuchongea. Nenda Senju kwa binti yako, ule vizuri, ulale bila kuwaza kazi, na siku zako ziwe njema. Picha ile tutaichapa mpaka ubao uishe. Akitokea mwanamke akasema, "Huyu ni mimi," tutafunga karakana siku hiyo, tumlete sote mpaka mlangoni kwako.

Na asipokuja, Mzee, tutakuja sisi.