Kitanda cha Kwanza cha Mama Kavuo Joséphine-Marie

Baba Padri, wazazi wangu, majirani wa Masisi, na ninyi mliotoka Kashebere kwa miguu pamoja na hatari ya njia, mimi ni Élie, mdogo wake marehemu, jamaa imenituma niwaeleze maisha yake, nitasoma polepole, mnivumilie.

Dada yetu Kavuo Joséphine-Marie alizaliwa tarehe 19 Machi 1958, sikukuu ya Mtakatifu Yosefu, huko Musienene, karibu na Butembo. Mwaka 1966 baba yetu, mchuuzi wa chumvi na vitenge, aliihamishia jamaa Kashebere, katika Walikale, akafungua duka kando ya barabara. Dada alisoma shule ya msingi kwa masista hadi 1972, kisha shule ya wauguzi, akapata diplome tarehe 2 Julai 1978, na Septemba ya mwaka huohuo akaanza kazi katika kituo cha afya cha Kashebere, ambako wengi wenu mlizaliwa mikononi mwake.

Tarehe 24 Julai 1982 alifunga ndoa takatifu na Mumbere Stéphane, dereva wa lori, aliyependa kututania akisema, «Miye nilioa saa, haiko bibi,» kwa sababu hata mezani, mgeni akikohoa, dada aliangalia mshale wa sekunde na kuhesabu pumzi zake. Mungu aliwapa watoto watatu, Edmond mwaka 1984, Fifi mwaka 1986 na Benoît mwaka 1989. Shemeji Stéphane aliaga dunia barabarani tarehe 11 Februari 1997, katika vita.

Lakini kabla ya hapo, vita vya mwaka 1993 vilipotukimbiza kutoka Kashebere, tulilala siku nne porini kwenye mvua, na Benoît akashikwa na homa ya mapafu. Tulimfikisha katika hospitali ya misheni, hapa Masisi, na kwa kuwa vitanda vilitolewa kwa kufuata zamu ya kufika, mtoto alipata kitanda cha nane, ukutani, nyuma ya watu wenye vidonda vya miguu. Chupa ya oksijeni ilikuwa imesimama karibu na meza ya muuguzi, hatua kumi na saba kutoka kwake, dada alizihesabu. Muuguzi alikuwa mmoja kwa wagonjwa arobaini, hakumwona mtoto akibadilika, na Benoît alifariki tarehe 9 Juni 1993, ana miaka minne.

Dada hakumlaumu mtu. Mwaka uliofuata aliomba kazi katika hospitali hiyohiyo, na siku yake ya kwanza akasogeza vitanda. Tangu siku hiyo kitanda cha kwanza, kile kinachogusa meza ya muuguzi, kilikuwa cha mtu anayepumua vibaya kuliko wote, awe mkubwa ama mkimbizi asiyejulikana. Wakubwa wengine walikasirika. Aliwafundisha walinzi wa wagonjwa, mama waliokuja kuuguza na sufuria na mkeka tu, kuhesabu pumzi za mtu wao kwa muda wa dakika moja, akiwaambia, «Kwa mutu mukubwa, ikipita makumi tatu, usiogope kunisumbua, unisumbue sana.» Hakuwa na mashine nyingi, kwa miaka mingi hospitali ilikuwa na moja ya oksijeni, yenye mipira miwili, na jenereta iliyoendeshwa kwa saa chache, lakini alisema kwamba wengi wanakufa kwa kutoonekana kabla hawajafa kwa kukosa mashine.

Sasa naomba mnisikilize vizuri, maana jamaa imekubali niliseme neno hili. Jumatatu tarehe 3 Desemba 2012 dada alilazwa kwa homa ya mapafu, na mimi, kwa kumheshimu, nikaenda kuwaomba wakubwa wa hospitali wampe chumba cha pekee, kile cha mwisho wa veranda, chenye pazia na mlango wa kufunga. Walikubali kwa furaha, alikuwa mama yao. Yeye aliniambia, «Élie, huku iko mbali. Munirudishe pale kwa meza.» Nilidhani ni unyenyekevu wake, nikamjibu, «Dada, umetumika miaka yote hii, acha na weye wakuheshimu.»

Jumatano asubuhi wageni walijaa chumbani, tukasali rozari, tukafurahi kwamba amefumba macho na kupumzika. Alikuwa hapumziki, alikuwa anahesabu. Alimshika Fifi mkono akamwambia, «Makumi ine na mbili.» Fifi akaelewa ni pumzi zake, arobaini na mbili kwa dakika, akakimbia veranda yote, muuguzi akaja mbio, lakini chumba kile hakikuwa na umeme wa jenereta, ikabidi tumbebe hadi kwenye mashine ya oksijeni. Alifariki mikononi mwetu saa nne na robo, mlangoni mwa wodi kubwa, akiwa na miaka hamsini na minne. Daktari alitwambia hawezi kuapa kwamba angepona, lakini kwenye kitanda cha kwanza wangemwona tangu jana yake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, waliolia kama watoto wake, tunawashukuru majirani walioleta kuni, maji na maharagi, na wenzake wa kazi waliomchimbia kaburi kwa mikono yao.

Tunamshukuru pia Mama Nyirabagenzi wa kambi ya Lushebere, ambaye hatukumjua kabla ya Jumatano. Mtoto wake ndiye aliyekuwa kwenye kitanda cha kwanza siku ile, na mpira mmoja wa oksijeni ulikuwa puani mwake, wa pili ulikuwa umening'inia bure. Mtoto huyo anapumua vizuri, mama yake amemwacha kidogo leo ili amzike dada pamoja nasi. Mama, dada yangu angekuuliza ni pumzi ngapi kwa dakika, nami nimekuuliza mlangoni, umenijibu papo hapo.

Ndugu zangu, mtu wenu akiugua, msimwombee chumba kizuri, mwombeni mahali anapoonekana.

Dada Kavuo, unisamehe. Umsalimie Benoît, na Bwana akuweke karibu naye, upumzike kwa amani.