Vidonge vya Mke wa Rafiki Yake Isidori

Benchi la kahawa la Tawakali, nyuma ya stendi ya Katesh, halijawahi kushindwa na swali, liwe la mvua au la ndoa za watu. Asubuhi hiyo upepo wa mlimani ulikuwa unakata masikio, na Isidori wa Mogitu alifika mapema, mkono mfukoni mwa koti, ameshika vidonge vya mkewe alivyovichukua kabatini kimyakimya. Kabla hajavitupa chooni alitaka ushauri. Kwa vile mwanaume naye ana aibu zake, alisema tatizo ni la rafiki yake wa Basotu.

— Mke wake aliota ndevu kidevuni. Hospitali wakampa vidonge vya kupunguza homoni za kiume. Ndevu zimekwisha, lakini kitandani anamgeuzia mgongo mpaka kuche. Hamu hana kabisa.

— Mwambie pole sana! alisema Trekta, dereva mstaafu wa mashamba ya ngano.

— Pole mno, alisema Profesa, aliyeacha shule darasa la sita. Lakini kosa liko wazi. Unywele ni antena. Ukiing'oa antena, utashika stesheni gani?

— Kweli kabisa, haba na haba hujaza kibaba, Trekta aliunga mkono, mwenyewe asijue anaunga nini. Ila mimi nasema ni mnara wa simu. Tangu wausimamishe kule kwetu Gendabi, hata jogoo wangu hapandi.

— Na jogoo naye anameza vidonge? aliuliza Tawakali, akimimina kahawa.

Hhando mfugaji alikohoa.

— Ng'ombe akimkataa dume, sisi tunamlambisha magadi ya Ziwa Balangida.

— Alimwekea kwenye makande, alisema Isidori kwa unyonge. Akaharisha.

— Wewe umejuaje? aliuliza Hhando.

— Si aliniambia!

— Basi avitupe hivyo vidonge, aliamua Profesa. Mficha uchi hazai! Ndevu zirudi, ndoa ipone. Heri kukumbatia beberu kuliko ukuta.

Benchi zima likaangua kicheko. Isidori naye alicheka, ila moyo ulimuuma. Tangu ndevu ziishe, mkewe Paskalina alikuwa ameacha kujifunga kitambaa kidevuni akienda kwaya, na alikuwa anacheka mdomo wazi kama zamani za uchumba wao. Alimpenda hivyo. Na alimtaka vilevile.

— Shikamooni, wazee.

Kicheko kikakatika. Paskalina mwenyewe alikuwa amesimama mbele yao, mkoba begani.

— Marahaba, mama, waliitikia kwa sauti za wezi.

— Baba Yoakimu, nipe vidonge vyangu ulivyovichukua kabatini. Naenda hospitali wanipunguzie dozi.

Rafiki wa Basotu akafia palepale. Isidori akavitoa mfukoni, macho chini.

— Daktari alinieleza mapema kwamba vinaweza kuondoa hamu. Nikakueleza na wewe, ukaitikia "ndiyo, ndiyo" huku unaangalia mpira kwenye simu.

— Pole, baba Yoakimu, alinong'ona Trekta.

Paskalina akamgeukia.

— Pole kwake tena? Hamu iliyopotea ilikuwa ya nani?

Profesa akajificha nyuma ya kikombe chake cha kahawa.

— Au mnadhani mimi nilikuwa siipendi?

Isidori aliwatazama wenzake mmoja mmoja, akitafuta wa kujibu. Yeye mwenyewe hakujua, maana hakuwahi kumuuliza.