Bi Tabia Makungu na Choa cha Mwisho

Jumatano jioni, tarehe 13 Novemba 1957, baada ya chai, Bi Tabia alimkalisha mumewe, Dokta Makungu, juu ya kibao cha mbuzi ya kukunia nazi karibu na dirisha la jikoni, akamkunjia mkono wa kulia wa shati, akamchora choa, ule ugonjwa wa ngozi, juu kidogo ya kifundo cha mkono, cha mviringo kama mdomo wa kikombe cha kahawa, kwa hina, piko nyeusi na ubani ulioyeyushwa, kisha akakipuliza mpaka kikakauka. "Baba Wanu, usikiroweshe mpaka Ijumaa," alimwambia. "Ukikirowesha nakuchora mapunye, tena utosini," na kwa mtu mwenye upara kitisho hicho hakikuwa kidogo. Usiku ule walikula wali kwa papa, mumewe akila kwa kijiko, na hilo ndilo jambo lao la mwisho la kawaida.

Historia hii ya marehemu Bi Tabia inasomwa na Bwana Mkubwa Makungu, shemeji yake, kwa niaba ya familia.

Marehemu alizaliwa Mbweni tarehe 2 Machi 1921, mtoto wa tatu wa seremala na mshonaji ambao wazee wao walitoka bara. Alisoma shule ya misheni ya wasichana kuanzia mwaka 1929, akamaliza 1936, akiwa wa kwanza katika kuchora na, kama mwalimu mkuu alivyoona inafaa kuandika, wa mwisho katika kunyamaza. Wazazi wake walipohamia Mkunazini, jirani yao Bi Kazija, mpambaji wa maharusi, alimfundisha hina na piko, na kwa muda mrefu hapakuwa na harusi ya mtaa ule, ya Muislamu wala ya Mkristo, iliyopita bila mkono wake. Kuanzia 1938 alifundisha kuchora na kushona katika shule ileile aliyosoma.

Tarehe 8 Juni 1946 aliolewa na Dokta Makungu, ambaye alikuwa amerudi kutoka Makerere, na ambaye barua yake ya kwanza ya posa ilirudishwa na wazee kwa kuwa ilianza na umri, uzito na hali ya mapafu ya mposaji. Barua ya pili alisaidiwa kuiandika na bibi harusi mwenyewe. Walijaliwa mtoto mmoja, Wanu, aliyezaliwa tarehe 21 Aprili 1948, ambaye ameomba isitajwe hapa kwamba alipokuwa na miaka sita alijichora upele mwili mzima ili asiende shule, na familia imejitahidi kulizingatia ombi hilo.

Mwaka 1953 Dokta Makungu alipewa kazi ya kuwafundisha madaktari vijana magonjwa ya ngozi ya nchi zetu za joto, yaani upele, choa, buba, ukoma na mengineyo, madaktari wenyewe wakitoka Unguja, Pemba, bara na hata Nyasa, kwa sababu vitabu walivyosomea vilikuwa na picha za ngozi nyeupe tu, ambayo ikiwashwa huwa nyekundu, na wagonjwa wao wote walikuwa weusi. Siku ya mtihani wa kwanza wagonjwa walioitwa hawakuonekana hata mmoja, kwani karafuu zilikuwa zimeiva na wote walikuwa juu ya mikarafuu. Dokta Makungu alirudi nyumbani mchana ule ameshika kichwa, na marehemu, bila kuacha kuchambua mchele, akamuuliza, "Mwataka wa choa wangapi?"

Tangu siku hiyo wagonjwa wa mtihani walikuwa majirani wazima, waliochorwa siku mbili kabla ili rangi ishike. Tatizo la piko ni kwamba haitoki kwa sabuni, na wapo waliopata taabu, wa kwanza akiwa Bwana Mcha kinyozi, aliyekubali kuchorwa mapunye kichwani na baadaye akakaa dukani kwake wiki mbili akipiga mbu, kwani nani atampa kichwa chake kinyozi mwenye mapunye? Bi Kazija naye, akiwa na buba shingoni, alikwenda Darajani kununua changu, na muuza samaki akamsogezea samaki kwa ncha ya kisu, akamwambia, "Chukua tu, Bi mkubwa, nenda nao." Bi Kazija alimsihi marehemu amchore kila mwezi.

Lakini marehemu hakuchekea kila kitu. Alikuwa akikaa nyuma ya pazia la chumba cha mtihani, na jambo moja lilimuudhi, kwamba madaktari wengi walionyesha ngozi za wagonjwa kwa penseli kutoka mbali, mithili ya mtu anayeonyesha doa kwenye ukuta wa jirani. "Hata muuza samaki alitumia kisu kwa kuwa hajasoma," alisema. "Hawa wamesomea nini?" Hapo akaanza kuinua kingo za choa kwa ubani, ili asiyegusa asijue, na akamshikilia mumewe mpaka ikawa kanuni ya darasa, kwamba asiyemgusa mgonjwa hapati alama, hata akitaja ugonjwa sawasawa.

Agosti mwaka huu, Dokta Jecha, kijana mwenye akili na mikono aliyoifunga mgongoni, alisimama mlangoni akatangaza kwamba mgonjwa wa tatu ana buba ya kidevuni na anahitaji sindano ya penisilini. Mgonjwa wa tatu hakuchorwa kitu kidevuni. Alikuwa ametoka kunywa urojo, na mchuzi wake wa manjano ulikuwa umemgandia hapo. Marehemu alicheka nyuma ya pazia hadi ikabidi aletewe maji, na Dokta Jecha akaambiwa arudi Novemba. "Huyu nitamfundisha kugusa," marehemu aliahidi, "hata ikibidi nimchore mwalimu wake."

Marehemu alisumbuliwa na moyo tangu 1955, akaamriwa apumzike, akapumzika kwa kuchora akiwa amekaa. Alfajiri ya Alhamisi, tarehe 14 Novemba 1957, alibanwa pumzi, akapelekwa hospitali, na saa tatu asubuhi akafariki dunia.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, Padri na wanakwaya, walimu wenzake, majirani wote wa Mkunazini, Bi Kazija aliyemwosha na kumpaka hina mikononi kwa mara ya mwisho, na Bwana Mcha, aliyefunga duka lake siku mbili kwa hiari yake safari hii.

Wa mwisho kushukuriwa ni Dokta Jecha. Leo Ijumaa asubuhi mtihani ulikuwa umefutwa, lakini saa tatu Dokta Makungu alikwenda darasani, akakunja mkono wa shati, akakaa kwenye kiti cha mgonjwa, kwa kuwa hakujua mahali pengine pa kukaa. Dokta Jecha, aliyekuja kutoa pole tu, aliingia, akasita mlangoni, kisha akaja mpaka kwenye kiti na kuupokea mkono wa mwalimu wake kwa mikono yake yote miwili. Kidole gumba chake kikapita juu ya kifundo, kikasimama, kikarudi polepole kwenye ukingo, na machozi yakimtoka akasema, "Kingo zimeinuka, mwalimu, katikati pametulia. Choa. Pole sana."

Amefaulu.

Mtakapompa mfiwa mkono baada ya mazishi mtakiona, nanyi msiogope kukigusa, hakiambukizi, na mwenye mkono huo hana haraka ya kukiosha.

Bi Tabia, kazi yako imeshika. Pumzika sasa, kwa amani.